Kompaila haisomi asembli yako: mwongozo kamili wa asembli ya kupachika kwenye C

Programu yangu ya kwanza ya Linux isiyotegemea maktaba ya C ilikuwa fupi: iandike salamu kwenye skrini, kisha itoke. Nilipoikompaili kwa `-O0`, yaani bila uboreshaji, ilifanya kazi barabara. Nikaweka `-O2`, inayoiboresha kodi, ikatoa herufi za ajabu. Nikarudisha `-O0`, ikapona. Jioni nzima niliamini kuwa kompaila ndiyo yenye hitilafu. Haikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeificha jambo.

GCC na Clang, kompaila mbili za C, hazielewi asembli (amri za prosesa zilizoandikwa kwa maneno) unayoiweka ndani ya alama za kunukuu. Hubadilisha `%0` na `%1` kuwa majina ya rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa) au anwani, basi. Rejista zipi zitabadilika, kumbukumbu ipi itasomwa, staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni) itaguswa au haitaguswa: hayo kompaila huyajua kutokana na orodha unazoziandika baada ya nukta pacha, na si penginepo. Karibu kila kosa nitakalolieleza hapa ni la namna moja: amri zimefanya jambo ambalo orodha hazikulitaja.

Mifano ni ya x86-64 kwenye Linux, kwa mtindo wa AT&T ambao GCC huutumia usipoiambia vingine. Katika mtindo huo chanzo hutangulia na mwishilio hufuata, kinyume cha vitabu vya Intel.

Hatua ya 1: Hakikisha huna njia nyingine

Kuhesabu biti zilizowashwa kuna `__builtin_popcountll`. Operesheni za kiatomiki zina familia ya `__atomic`. Amri za SSE na AVX zimo kwenye `<immintrin.h>`. Kusoma saa ya prosesa kuna `__rdtsc()`, na kuuliza uwezo wa prosesa kuna `<cpuid.h>`. Karibu zote hizi kompaila inazielewa kwa ndani, kwa hiyo inaweza kuzipanga, kuziunganisha na kuzifuta bila kuharibu kitu.

Hiyo `cpuid` naitaja makusudi, kwa sababu watu huiandika wenyewe na kuikosea mara mbili. Kosa la kwanza: amri hiyo hubadilisha eax, ebx, ecx na edx, na ebx ndiyo husahauliwa. Kosa la pili: baadhi ya maswali, kama namba 4 na namba 7, husoma ecx kabla ya kujibu. Usipoiweka sifuri mwenyewe, jibu litategemea takataka iliyokuwemo. Tumia `__get_cpuid_count`, nayo itashughulikia yote mawili.

Kinachobaki kuhitaji asembli kweli ni kidogo: miito ya mfumo (maombi kwa kerneli, kiini cha Linux) pasipo maktaba, kubadilisha staki, na amri chache ambazo kompaila haina jina lake. Tuanze na huo mwito wa mfumo, maana ndiko wengi tunakoanzia.

Hatua ya 2: Andika mwito mmoja, na utaje kila kinachobadilika

```c
static inline long mwito3(long namba, long a, long b, long c)
{
    long jibu;
    __asm__ volatile ("syscall"
        : "=a"(jibu)                              /* matokeo */
        : "a"(namba), "D"(a), "S"(b), "d"(c)      /* maingizo */
        : "rcx", "r11", "memory"); /* vinavyoharibika */
    return jibu;
}
```

Namba ya mwito huingia rax (sharti la `"a"`), hoja tatu za mwanzo huingia rdi, rsi na rdx (masharti ya `"D"`, `"S"` na `"d"`), na jibu hurudi kupitia rax. Jibu likiwa kati ya -4095 na -1 ni kosa, na thamani yake chanya ndiyo ile ambayo maktaba ya C ingeiweka kwenye `errno`. Hapa hakuna `errno`, usiende kuitafuta.

Tazama orodha ya tatu. Amri ya `syscall` yenyewe huhifadhi anwani ya kurudia ndani ya rcx, na bendera (biti za hali ya prosesa) ndani ya r11. Huo ndio uundaji wa prosesa, na kerneli haiwezi kukuokoa. Ukiacha kuzitaja, kompaila inaweza kuwa imehifadhi kihesabu cha kitanzi chako ndani ya rcx, na baada ya mwito kihesabu kimegeuka kuwa anwani. Programu ndogo haitalionyesha kosa hili kwa sababu rejista zilizo huru zipo tele. Litajitokeza miezi kadhaa baadaye, kwenye funksheni kubwa, mahali ambapo hujagusa kitu.

Neno `"memory"` ndilo nililolisahau jioni ile. Tuseme umeandika hivi:

```c
char ujumbe[2];
ujumbe[0] = 'A';
ujumbe[1] = '\n';
mwito3(1, 1, (long)ujumbe, 2);
```

Kwa macho yako, bafa (safu ya `ujumbe`) inajazwa kisha inatumwa. Kwa kompaila, anwani ya bafa ni namba tu iliyopelekwa kwenye rejista. Hakuna aliyesema kwamba kilichopo kwenye anwani hiyo kitasomwa. Kama hakuna anayekisoma, kukiandika ni kazi bure, na kwa `-O2` kazi bure hufutwa. Upande wa kusoma ni vivyo hivyo: baada ya mwito wa `read`, kompaila isiyoambiwa kitu ina haki ya kuamini kuwa bafa haijabadilika.

Kuna njia iliyo nyepesi kuliko `"memory"`, ya kutaja kipande hasa cha kumbukumbu kama operandi (kitu kinachotajwa kwenye orodha) ya `"m"`, ili mengine yabaki huru kwenye rejista. Kwa miito ya mfumo sioni faida yake. Kwenda kerneli na kurudi kuna gharama kubwa kuliko hizo rejista chache.

Hatua ya 3: Hoja ya nne hadi ya sita

Kwa kuwa rcx inaharibiwa, hoja ya nne ya mwito wa mfumo hupita kwenye r10, ilhali funksheni za kawaida za C huipitisha kwenye rcx. Ya tano ni r8 na ya sita ni r9. Hizi hazina herufi zake za masharti, kwa hiyo tunatumia vigeu vilivyofungwa kwenye rejista:

```c
register long r10 __asm__("r10") = d;
register long r8  __asm__("r8")  = e;
register long r9  __asm__("r9")  = f;
```

Kisha unavitaja kama maingizo ya `"r"`. Mtego uko hapa: GCC inaahidi kwamba kigeu kitakuwa ndani ya rejista hiyo wakati wa asembli tu. Ukiandika `= hesabu_urefu()` kwenye mstari wa pili, mwito wa funksheni hiyo unaweza kuifuta r10 uliyokwisha kuijaza kwenye mstari wa kwanza. Piga hesabu zote kwanza, weka majibu kwenye vigeu vya kawaida, halafu ufunge rejista mfululizo pasipo kitu katikati.

Na vyote viwe `long`. Kigeu cha `int` hujaza nusu ya chini ya rejista tu, na biti 32 za juu hazina dhamana yoyote. Kwa namba ya faili haidhuru, kerneli inasoma nusu ya chini. Kwa urefu wa bafa inadhuru sana.

Hatua ya 4: Alama ya & inayookoa majibu

Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ninaposoma kazi za wengine, na ndilo gumu kuliona:

```c
static inline unsigned long jumla(unsigned long a, unsigned long b)
{
    unsigned long t;
    __asm__ ("mov %1, %0\n\t"
             "add %2, %0"
             : "=r"(t)
             : "r"(a), "r"(b));
    return t;
}
```

Inaonekana sawa. Lakini kompaila hudhani kwamba asembli husoma maingizo yote kabla ya kuandika tokeo lolote. Kwa dhana hiyo, kama b haihitajiki tena baadaye, ni halali kuipa t rejista ileile ya b. Hapo `mov` inaifuta b, na `add` inajumlisha a na a. Ukiomba jumla ya 3 na 4 unapata 6.

Ubaya wake ni kwamba kosa hujificha ukilitafuta. Funksheni ikisimama peke yake, a iko rdi, b iko rsi na t iko rax, hakuna mgongano. Ikipachikwa ndani ya funksheni nyingine, kompaila inachagua upya. Na ukiongeza `printf` ya kuchapisha b baada yake ili uchunguze, umeilazimisha b ibaki hai, na kosa limetoweka mbele ya macho yako.

Tiba ni `"=&r"(t)`: alama ya & inasema tokeo hili huandikwa mapema, lisishiriki rejista na ingizo lolote. Kanuni yangu ni rahisi: asembli ikizidi amri moja, kila tokeo la `"=r"` huliwekea &, mpaka nijithibitishie kuwa haihitajiki. Hasara yake ni rejista moja.

Hatua ya 5: Ingizo likibadilika si ingizo tena

Amri ya `rep movsb` hunakili baiti, na njiani husogeza rdi na rsi na kuimaliza rcx. Ukizitaja kama maingizo tu, kompaila itaendelea kuzitumia ikidhani zina thamani za zamani. Wala huwezi kuziongeza kwenye orodha ya tatu, kwa sababu GCC inakataa rejista moja iwe ingizo na pia iwe kwenye orodha ya vinavyoharibika. Njia sahihi ni alama ya kujumlisha, yenye maana ya kwamba thamani inaingia na inatoka:

```c
void *nakili(void *kwenda, const void *kutoka, unsigned long n)
{
    void *d = kwenda;
    __asm__ volatile ("rep movsb"
        : "+D"(d), "+S"(kutoka), "+c"(n)
        :
        : "memory");
    return kwenda;
}
```

Amri hii pia hutegemea bendera ya mwelekeo iwe sifuri. Kanuni za System V, ambazo funksheni za Linux hufuata zinapoitana, zinahakikisha hivyo unapoingia kwenye funksheni, na zinakudai uirudishe hivyo ukitoka. Ukiandika `std` mahali popote, `cld` ifuate ndani ya asembli hiyohiyo.

Hatua ya 6: Eneo jekundu

Kwenye x86-64 ya Linux, baiti 128 zilizo chini ya rsp ni mali ya funksheni inayotekelezwa. Funksheni isiyoita nyingine inaweza kuweka vigeu vyake humo bila kuishusha rsp hata kidogo. Kerneli inaliheshimu eneo hilo: inapoleta ishara kwa programu yako, huruka baiti hizo 128 kabla ya kujenga fremu yake. Asembli yako hairuki:

```c
__asm__ volatile ("pushfq\n\tpop %0" : "=r"(b));
```

`pushfq` inaandika baiti 8 mara moja chini ya rsp, yaani juu ya kigeu cha mtu. Kisha `pop` inairudisha rsp mahali pake, na kila kitu kinaonekana shwari. Kigeu ndicho kimebadilika, na hakuna mstari wa C unaoeleza kwa nini. Nimemwona mwenzangu akitafuta kosa la aina hii kwa siku tatu, akiwa ameikagua kila pointa ya programu yake na hakuna iliyokuwa na kosa.

Kuandika `"rsp"` kwenye orodha ya tatu hakusaidii, na GCC za karibuni hukupa onyo ukijaribu. Suluhisho la kwanza ni kutosukuma kitu kwenye staki. Kama ulitaka bendera moja tu, GCC tangu toleo la 6 inakuruhusu kuiomba kama tokeo kwa `"=@ccc"`, mfano bendera ya kubeba. Ukilazimika kusukuma, ruka eneo kwanza:

```c
__asm__ volatile ("lea -128(%%rsp), %%rsp\n\t"
                  "pushfq\n\t"
                  "pop %0\n\t"
                  "lea 128(%%rsp), %%rsp"
                  : "=r"(b) : : "memory");
```

Nimetumia `lea` badala ya `sub` kwa kuwa `sub` ingezibadilisha bendera zilezile tunazotaka kuzisoma. Na nimekataa sharti la `"m"`: rsp ikisogea, anwani iliyohesabiwa kutoka rsp inaelekea kwingine. Angalia pia `%%rsp`. Asembli ikiwa na operandi, jina la rejista huandikwa kwa asilimia mbili.

Kuita funksheni ya C kutoka ndani ya asembli ya kupachika kunaleta tatizo hili na mengine matatu juu yake. Mwito unaweza kuharibu rax, rcx, rdx, rsi, rdi, r8 hadi r11 na rejista zote za xmm. Staki lazima igawanyike kwa 16 kabla ya `call`, la sivyo `movaps` iliyomo ndani ya funksheni ile itaiangusha programu. Na kitatuzi (debugger) hakitaweza kufuata mnyororo wa miito. Ushauri wangu hapa hauna masharti: funksheni hiyo iandike yote kwenye faili la asembli tupu, la `.S`. Ni vivyo hivyo kwa `clone` yenye staki mpya, ambapo mtoto huamka kwenye staki tupu isiyo na anwani ya kurudia. C haiwezi kurudi kutoka mahali ambapo haikuingilia.

Waliobuni asembli ya kupachika ya Rust, iliyothibitishwa rasmi katika toleo la 1.59 mwaka 2022, waligeuza mambo kichwa chini. Huko kompaila hudhani kwamba umegusa kumbukumbu, bendera na staki, mpaka wewe mwenyewe useme hukugusa. Natamani C ingekuwa hivyo.

Hatua ya 7: volatile haisimamishi kila kitu

```c
static inline unsigned long saa(void)
{
    unsigned int chini, juu;
    __asm__ volatile ("lfence\n\trdtsc"
        : "=a"(chini), "=d"(juu) : : "memory");
    return ((unsigned long)juu << 32) | chini;
}
```

Asembli yenye matokeo isiyo na `volatile` inaweza kufutwa kama matokeo hayatumiki, na mbili zinazofanana zinaweza kuunganishwa kuwa moja. Ukipima muda namna hiyo, mwanzo na mwisho vitakuwa namba ileile, na tofauti ni sifuri.

Lakini `volatile` huzuia asembli kufutwa na kupishana na `volatile` nyingine, si zaidi. Hesabu za kawaida zilizo katikati zinaweza kuhamishwa nje ya kipimo. `"memory"` huzuia usomaji na uandishi wa kumbukumbu usivuke, ila hesabu iliyo kwenye rejista tupu bado inaweza kuvuka. Halafu kuna prosesa yenyewe, ambayo hutekeleza amri bila kufuata foleni. Ndiyo maana ya `lfence`. Haya ni mambo mawili tofauti. `__asm__ volatile("" ::: "memory")` huizuia kompaila na haitoi amri hata moja. Kuizuia prosesa kunahitaji amri halisi.

Mifano mingi ya zamani ina `"=A"` badala ya rejista mbili. Kwenye biti 32 ilimaanisha jozi ya edx na eax. Kwenye x86-64, kwa kigeu cha biti 64, maana yake ni moja kati ya rax na rdx. Unapoteza biti 32 za juu, na kwa saa ya GHz 3 zile za chini hujaa kila sekunde 1.4 hivi. Juu ya hayo, rdx imeharibiwa bila kutajwa.

Hatua ya 8: Lebo

Lebo yenye jina, kama `rudia:`, itagongana na nafsi yake funksheni ikipachikwa sehemu mbili. Tumia lebo za namba: `2:` kisha `2b` kwa kurudi nyuma na `2f` kwa kwenda mbele. Epuka 0 na 1, kwa sababu katika mtindo wa Intel `1b` inaweza kusomwa kama namba ya mfumo wa jozi (wa 0 na 1 pekee). Usiruke kutoka asembli moja hadi nyingine. Kutoka kwenda kwenye lebo ya C kuna `asm goto`. Wala usigawanye kazi moja katika asembli mbili ukitegemea bendera zibaki, kwani kompaila inaweza kuchomeka amri zake katikati.

Hatua ya 9: Ukihamia ARM

Simu nyingi za Android mikononi mwetu ni za ARM ya biti 64, na Termux, programu ya terminali ya Android, inakupa Clang papo hapo, kwa hiyo huna haja ya kompyuta ya pili kujaribu. Namba ya mwito huingia x8, hoja huanzia x0, na amri ni `svc #0`. Namba zenyewe ni tofauti: `write` ni 1 kwenye x86-64 lakini 64 huku, na `exit` ni 60 kule na 93 huku. Jambo la kuangalia ni `"cc"`. Kwenye x86 GCC hudhani daima kuwa bendera zimeharibika, hata usiposema. Kwenye ARM haidhani, na asembli yenye `adds` au `cmp` isiyoitaja `"cc"` itapotosha sharti la `if` iliyo jirani.

Hatua ya 10: Jaribu kwa nia ya kuivunja

```sh
for k in gcc clang; do
  for o in -O0 -O1 -O2 -O3 "-O2 -fPIC" "-O2 -flto"; do
    $k $o jaribio.c -o jaribio && ./jaribio || echo "IMEFELI: $k $o"
  done
done
```

Jaribio lenyewe lijengwe kwa ukatili. Iite asembli ndani ya kitanzi chenye vigeu kumi na zaidi vilivyo hai, ili rejista zibanane. Iweke pia ndani ya funksheni isiyoita nyingine yenye safu ndogo ya ndani, ili eneo jekundu litumike. Maingizo usiyatumie tena baada ya asembli, kwa sababu iliyoelezwa katika hatua ya 4. Linganisha majibu na toleo la C tupu.

Usitegemee AddressSanitizer, chombo cha kutafuta makosa ya kumbukumbu, kwenye asembli: ukaguzi wake huwekwa na kompaila, nayo haioni unachokisoma humo. Valgrind, chombo kingine cha kazi hiyo, huona, kwa kuwa hufanya kazi kwenye amri za mashine zenyewe.

Mwisho, soma kilichotoka kwa `gcc -O2 -S jaribio.c -o -`. Asembli yako itakuwa kati ya alama za `#APP` na `#NO_APP`. Kwa kila rejista iliyomo humo, pandisha macho uone nani aliijaza, kisha yashushe uone nani ataisoma. Ukikuta rejista inayosomwa chini ambayo amri zako zimeibadilisha na orodha zako hazikuitaja, umelipata kosa kabla halijakupata.